Mfarishi wa Marehemu, Mbeleko ya Mjukuu

Saa moja asubuhi, kwenye kibanda chake katika soko la Naju, Pyo Geum-rye ameketi sakafuni na mkasi mkononi, lakini hakati. Mbele yake umetandazwa mfarishi mwekundu wa hariri, umechakaa pembeni. Anauweka mkasi chini. Anauchukua tena.

"Hata sijui nifanye nini," anasema. "Alfajiri nimekwenda kanisani nikaomba. Nimerudi vile vile."

Mama huyu wa miaka sitini na saba hufumua mifarishi ya zamani, ile waliyokuja nayo mabibi harusi, akaishona upya kuwa mito, mifuko, na hasa mbeleko. Mbeleko moja ni won elfu arobaini. Mwezi mbaya huuza mbili tu.

Huu wa leo ameuleta Seon Mi-hye, aliyejifungua karibuni. Ulikuwa wa mama yake mzazi. Jana, katika kushukuru, ndipo alipotaja kwamba mama alikata roho akiwa amejifunika huu huu. Na kwa desturi ya huku, matandiko ya marehemu huchomwa moto.

"Mtu wa kanisa hatakiwi kuogopa," anasema Geum-rye. "Lakini mkono unakataa."

Mlango unafunguliwa. Anaingia Mi-hye na kichanga chake, nyuma yake mama mkwe wake, Mama Gwak.

"Dada, umeshakata?" anauliza Mama Gwak. " Kama bado, nipe nikauchome. Mtoto mchanga umfunge na kifo?"

"Mama, mfarishi huu una harufu ya mama yangu," anasema Mi-hye.

"Harufu! Ya dawa ya nondo hiyo."

Geum-rye anawatazama wote wawili. Kisha anafumua shuka nyeupe ya upande wa ndani, anamkabidhi Mama Gwak.

"Hii ndiyo iliyomgusa. Kachome. Pamba nitaipeleka mashineni ipigwe upya. Hariri... sijui, dada. Hariri marehemu aliishona akiwa msichana, mzima kabisa."

Mama Gwak ameshika shuka, lakini haondoki. Anaipapasa hariri. Anajipima kiuno kwa mikono.

"Kanda ziwe ndefu," anasema hatimaye. "Huyu mkwe wangu anarudi kazini mwezi ujao. Mgongo wa kubeba ni huu, na si mdogo, unauona."

Mi-hye anacheka huku machozi yanamtoka. Geum-rye anakata.

"Kama nimekosea, Mungu atanionyesha," anasema wakishaondoka, bado akitikisa kichwa. "Natamani niishi mpaka huyo mtoto aje kunigombeza kwamba mbeleko yake imechakaa. Nitaifumua tena."