Tumchangie Akinyi

Leo asubuhi nimeliliwa nikiwa hai.

Nilikuwa natafuta tovuti ya kuchangisha pesa nichapishe kitabu changu cha hadithi. Ile ya ng'ambo ilitaka kadi ya benki. Nani huku Homa Bay atachanga na kadi? Nikachagua ile ambayo kila mtu anaijua.

Shida ni kwamba wanaijua kwa michango ya matanga.

Nikaweka picha yangu, nikaandika "Tumchangie Akinyi", nikatuma kwa grupu ya familia. Hakuna aliyesoma zaidi ya hapo.

Nikampigia mama mara sita, hashiki. Na mama ana presha, jamani!

Nikakimbia kwao. Nduru za kilio nilizisikia nikiwa bado barabarani. Viti vya plastiki tayari vimepangwa uani. Mama ameketi chini.

Aliponiona, alinishika uso kwa mikono miwili. Hakuniachilia.

Shangazi ndiye alipangusa machozi kwanza. "Kumbe ni kitabu? Mimi nilikuwa nimeahidi elfu mbili ya jeneza. Ya kitabu, wacha nifikirie."

Sasa niambieni ukweli: nihame tovuti, ama nife kwanza ndio kitabu kitoke?