Kiti ya mama kwenye entretien

Leo papa ameniaibisha mbele ya prof, na mpaka sasa sijui nicheke ao nilie.

Saa ine nilikuwa na entretien kwa vidéo, maulizo ya kuingia université, ile ya kusomea kwa internet. Mi na téléphone yangu tu. Ndivyo nilifikiri.

Bon. Papa akafunga duka, akavaa koti ya misa. Tonton, ndugu yake, naye akaja. Wakakaa nyuma yangu kama watu wanaenda kuposa!

Prof akauliza: "Mademoiselle, hao ni nani?"

Papa akajibu: "Ni jamaa yake. Kwetu mutoto haendi kuomba kitu kikubwa peke yake."

(Mi jasho tu.)

"Na ile kiti yenye kitenge, mbona haina mutu?" prof akauliza.

Nikageuka. Sikuwa nimeiona.

"Ni ya mama yake," papa akasema. "Vita ilifunga barabara, alibakia Goma."

Prof akatoa miwani, akapangusa.

"Alors, mademoiselle, tuanze. Sema kwa nguvu, mama asikie."

Mulio Goma munaosoma hii, mama hana téléphone. Mumufikie.

Mumuambie nilisema kwa nguvu.