Mjomba Kalume na Mstari wa Majivu

Enzi zetu mpira wa miguu ulikuwa wa miguu kweli, maana viatu hakuna aliyekuwa navyo. Nasema na nyinyi wenzangu mnaokumbuka Changamwe ilipokuwa mikorosho na reli tu, wakati wa vita vikuu, ndege za jeshi zikipita juu ya mapaa ya makuti hadi kuku wanakimbilia uvunguni.

Jumamosi asubuhi mama zetu walitutuma na majivu ya jikoni, kila nyumba kopo moja, tukayamwage kiwanjani yawe mistari. Sisi wasichana tulikuwa mafundi wa mstari wa katikati, na ukipinda tulisingizia upepo. Kisha tulikaa chini tukala muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, tukicheza mdako mpaka timu zitoke. Wajukuu zangu hawaingii uwanjani bila soksi ndefu na chupa ya maji. Nikiwasimulia habari ya majivu wananitazama kwa huruma.

Shujaa wetu alikuwa mjomba Kalume, ndugu mdogo wa mama yangu, beki wa timu ya Changamwe. Mchana alifunga mataruma ya reli, jioni alizuia watu. Foladi wa Kisauni walikuja wakiringa na kurudi kwao wakichechemea, na ni yeye mwenyewe aliyewainua na kuwapangusa vumbi. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, ukiloa mvua unakuwa mzito ajabu, na kamba yake ilikwaruza paji la uso. Mjomba aliupiga kichwa bila kufumba macho. Alicheza hivyo miaka minane, tangu hana ndevu hadi akawa nahodha.

Ila alikuwa na jambo moja. Mpira ukichezwa, hakuvuka mstari wa katikati hata siku moja. Tukifunga bao, wenzake walikumbatiana huko mbele, naye alisimama kwenye majivu yake akipiga makofi. Kwa kuwa hatukuwa tukifungwa ovyo, hakuna aliyemuuliza. Wengine walisema ameweka nadhiri. Watu wa Likoni walisema waziwazi kwamba ni uganga, kuna kitu kimezikwa pale katikati, na foladi wao waliukaribia ule mstari kama mtu anayempita mbwa aliyefungwa kwa kamba nyembamba.

Tulicheka sana, mpaka uvumi ule ulipomfikia Mzee Yohana. Huyu alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu, na alikuwa na binti aitwaye Dama, ambaye mjomba alimpenda hata akajiunga na kwaya, naye sauti hana. Wazee wetu walipokwenda kuposa, Mzee Yohana aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, kisha akasema binti yake hamwozi mtu wa hirizi. Kama Kalume hana uganga, na auvuke mstari mbele ya watu siku ya fainali na Likoni. Wazee walipoleta majibu hayo, mjomba hakula.

Nilikuwa jikoni nikichambua mbaazi mama alipomuuliza.

"Kalume, ndugu yangu, una nini na mstari ule?"

"Sheria, dada. Mwalimu aliniambia nibaki. Nikivuka, refa atatunyang'anya mabao yetu."

Mwalimu aliyetuletea mpira Changamwe alitoka bara. Siku ya kwanza aligawa nafasi, akamnyooshea mjomba kidole akasema, "Wewe, beki." Mjomba, mtu wa pwani mwenye Kiswahili chake, aliona mgeni wa watu ametamka "baki" vibaya, na kwa adabu hakumsahihisha. Akabaki. Baadaye aliposikia kila mtu anasema beki, alidhani wanamuiga mwalimu kwa heshima.

Mama alikuwa amesoma madarasa mawili misheni. Aliuweka mwiko chini.

"Beki ni Kizungu, Kalume. Ni jina la kazi yako. Hakuna aliyekuambia ubaki."

Nilidhani mjomba atacheka. Alijikalia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akauliza kwa sauti ndogo kama wenzake wanalijua jambo hilo. Miaka minane! Nilimwonea huruma hata nikachanganya mbaazi safi na mbovu. Tena hakuwa na hakika. Ikiwa mama amekosea, Jumamosi angeivunja sheria mbele ya Changamwe nzima. Akibaki, Dama ndiyo basi.

Siku ya fainali kiwanja kilijaa. Mzee Yohana alisimama usawa wa katikati, Biblia kwapani, Dama nyuma yake akikunja na kukunjua pembe ya leso. Kipindi cha kwanza mjomba hakutoka kwake. Cha pili kikaenda, hakuna bao, na Dama akaacha kutazama uwanjani. Mwishoni kabisa mpira ukamjia mjomba. Badala ya kuubutua kama kawaida yake, akautuliza. Akamtazama refa, akayatazama majivu, akatia mguu mmoja. Filimbi haikulia. Akatia wa pili.

Kisha akakimbia. Likoni walijua sasa uganga umetoka mahali pake, wakampisha. Alipita katikati yao bila kuguswa hadi mbele ya goli, akapiga shuti la miaka minane. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi, Likoni wakauchukua, na huku nyuma kwetu hapakuwa na mtu. Tulifungwa moja bila, kikombe kikavuka feri kwenda Likoni.

Mjomba alikuwa bado amesimama kule mbele, anacheka peke yake, akiutazama uwanja kutoka golini kwa wapinzani, mahali ambapo hakupata kufika mpira ukichezwa. Mzee Yohana aliingia uwanjani na viatu vyake vyeusi, akamshika mkono.

"Umetufungisha, kijana," akasema. "Waambie wazee wako warudi Jumapili."

Leo kiwanja kile ni maghala na makontena. Wajukuu hunionyesha kwenye simu mabeki wa Uhispania wanaopanda mbele kila dakika, na hakuna anayeshangaa. Vijana nao hutongoza kwa simu hiyohiyo, wakikataliwa wanatafuta namba nyingine. Siwalaumu, lakini natamani angalau mara moja wamwone mtu akivuka kiwanja kama alivyovuka mjomba.

Alitangulia zamani, Mungu amrehemu. Baada ya matanga nilimuuliza mkaza mjomba Dama kama siku ile ya fainali hakuona aibu, Changamwe nzima ikilia kikombe kwa ajili ya mjomba.

"Mlifungwa nyinyi," akanijibu. "Mimi niliolewa."