Kiti cha pikipiki nilichomshonea mjukuu wangu mrefu

Ni ule mwaka unga uliadimika, tukala viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni hadi watoto wakakataa kuviangalia.

Hamjambo wakuu. Mimi ni shosho wa mtaa wa Tena, nashona viti vya pikipiki. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msinisahihishe. Haya niliyafanya kwa mikono yangu.

Mwaka huo mjukuu wangu Wekesa alipata kazi ya kupeleka mizigo, akataka pikipiki.

Wekesa ni mrefu. Nilipokuwa nambeba mgongoni miguu tayari ilikuwa inaning'inia karibu na magoti yangu.

Kwa muuzaji alichagua ile fupi, eti ndiyo vijana wote wa stage ya bodaboda wako nayo. Akaikalia, magoti yakapanda hadi kwa handle kama panzi.

"Shuka. Unakaa kama mtu amekalia debe."

"Shosh, nitazoea."

"Magoti hayazoei!"

Tukachukua ile ya juu, yenye gurudumu kubwa mbele. Bado ilimbana. Fundi mmoja wa kule Baba Dogo akainua handle, akachomelea footrest za kukanyagia zikashuka kidogo. Kiti nikasema niachiwe mimi.

Hapo ndipo niliharibu, wakuu. Niliweka sponji laini ya godoro, nene kabisa, nikajisifu. Wekesa akakaa, akazama, magoti yakarudi palepale. Fundi alicheka akashika ukuta.

Nikafumua yote. Nikaweka sponji ngumu, ile ya vipande vilivyogandishwa. Nikamkalisha na gumboots na koti lake la mvua, nikachonga nikifuata mapaja yake. Akageuza handle kushoto, kulia. Goti halikugusa kitu.

"Shosh, sasa nimekaa kama binadamu."

Jumapili alinipeleka kanisani nimemshika kiuno. Akina mama wote walitoka nje kuona.

Halafu akapata kazi Uarabuni, akaenda.

Pikipiki iko kwa veranda, nimeifunika turubai. Kila Jumamosi naipanguza. Pale alipokalia pamebonyea, na mimi huweka mkono hapo, nakaa kidogo. Mnicheke mkitaka.

Juzi jirani yetu Musa, ambaye ni mfupi kama stuli, akaja kuiomba.

"Shosho, nikodishie. Lakini unipunguzie kiti, miguu haifiki chini."

Nikamwambia, "Kiti hakikatwi."

Musa akampigia Wekesa. Jana Wekesa akanipigia. Nilishika simu mbio, nikijua ataniambia anakuja.

"Shosh, mkatie tu Musa. Nimeongeza mkataba. Sirudi karibuni."

Nikatoka na simu hadi kwa veranda. Akaita, "Shosh? Uko?"

Funzo kwa wenye miguu mirefu: kaa juu ya pikipiki na nguo zako za kazi, geuza handle pande zote, ndipo ulipe. Na sponji iwe ngumu.

Lakini wenye watu walio mbali, nisaidieni hapo chini. Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilimjibu, "Kiti hakikatwi."