Kobe Aliyepakwa Chokaa

Sijawahi kuona mamba Kitale. Nimezaliwa huku, kwenye shamba la mahindi ambalo wazazi wangu walipata walipohama kutoka mkoa wa Kati, na naweza kuapa kanisani kwamba hakuna mamba aliyewahi kubisha mlango wetu kuomba hifadhi. Lakini siku tangazo lilipobandikwa kwenye ubao wa laini za familia, zile safu za nyumba tunamokaa pale kambini, mamba alitajwa wa pili. Ni marufuku, lilisema tangazo, kufuga ndani au nje ya nyumba za familia reptilia wa aina yoyote, wakiwemo nyoka, mamba, kenge, mijusi na kobe.

Ubao uko karibu na mfereji, na maji yalikuwa hayajatoka, kwa hiyo sisi wake wa askari tulikuwa na muda wa kulisoma vizuri, ndoo miguuni.

"Ati mamba," alisema jirani yangu, yule tunayegawana ukuta. "Na huyo mamba atakaa wapi, bana? Kwa karai ya kuoshea vyombo?"

Tulicheka. Mwingine akasema amesikia kwamba katika kambi nyingine, huko mbali, askari mmoja alirudi kutoka kazini na chatu kwenye jerikeni, akamweka chini ya kitanda, na mkewe ndiye aliyemkuta akitafuta viatu vya kanisa. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba jeshini mtu mmoja akikosea, wote hunyolewa. Mimi nilicheka kidogo tu, maana yule wa mwisho kwenye tangazo alikuwa wangu. Nyuma ya jikoni, chini ya majani ya maboga, nilikuwa na kobe.

Niseme ukweli, hakuwa wangu. Alikuwa wa binti yangu. Mume wangu alimpata kwa mama yake, upande wa Bungoma ukielekea Lwakhakha, alipokuwa akikata nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, na akamleta nyumbani ndani ya kofia. Hakuwa mkubwa kuliko sufuria ya ugali wa watu wawili. Halafu mume wangu akatumwa mpakani. Siku ya kuondoka, gari likipiga honi nje, binti yetu, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza darasa la kwanza, alishika mkanda wa begi la baba yake akakataa kuachia. Baba mtu akapiga goti hapo hapo na sare zake, akamwekea kobe mikononi.

"Huyu ndiye mlinzi wa nyumba," alimwambia. "Yeye ako kwa lindo hapa, mimi niko kwa lindo kule. Yeye akikaa kwake, na mimi nitakaa kwangu, halafu nirudi. Sawa?"

Ilikuwa ahadi ya mtu anayechelewa gari. Aliitoa kama unavyompa mtoto peremende anyamaze. Lakini mtoto aliipokea kama neno la madhabahuni. Kila asubuhi, kabla ya uji, alikwenda nyuma ya jikoni, akainua jani la boga, akapiga saluti, akaweka kipande cha sukuma wiki chini. Kisha alirudi ndani akatangaza, "Baba yuko salama," na hapo ndipo alipokubali kuvaa sweta ya shule. Mimi nilikuwa ninasikiliza redio usiku kucha nikiomba wasitaje sehemu aliko mume wangu. Sikuwa na habari nyingine ya kutegemewa kuliko ile ya kobe, na sikuona aibu kuitegemea.

Sasa sikilizeni jambo linaloniudhi. Nyuma ya nyumba zetu kuna nyasi zinazofika kiunoni. Tumeomba zikatwe tangu mwanangu akiwa mgongoni. Ndani ya nyasi hizo kuna nyoka, na sisemi nyoka wa hadithi. Mmoja aliingia kwenye bafu ya jirani yangu akajilaza juu ya sabuni ya kipande. Mwingine alipatikana ndani ya gambuti la mtoto. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa tuwe waangalifu. Yaani nyoka asiyefugwa hana kosa. Anaingia, anatoka, anaoga kwetu. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Wa kwetu ulikuwa na meno ya upande wa kobe tu.

Hata hivyo, kwa miezi kadhaa tangazo lilibaki pale likipauka kwa jua na hakuna aliyelijali. Askari walipita nyuma ya jikoni yangu wakamwona kobe, wakamsalimia. Hata sajenti anayesimamia nyumba aliwahi kuniambia nimwekee maji kwenye kifuniko, jua ni kali. Balaa lililetwa na ukaguzi.

Aliyewahi kuishi kambini anajua. Jeshi likitarajia mgeni mkubwa, kila kitu kisichotembea hupakwa chokaa. Miti hupakwa hadi kiunoni. Kingo za njia hupakwa. Mawe yanayozunguka vitanda vya maua hupangwa kwa kamba mpaka yawe sawasawa, kisha nayo hupakwa yang'ae. Hakuna anayeuliza jiwe linasaidiwa na nini. Wanatumwa vijana na ndoo na brashi, wanaambiwa kazi iishe kabla ya jua kuzama, na inaisha.

Siku ile sikuwepo. Ninashona nguo mjini, na nilikuwa kwenye cherehani. Inaonekana kobe alitoka kwenye maboga kuota jua karibu na maua ya mbele. Akasikia mabuti. Akafanya kile Mungu alichomfundisha: akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akatulia. Kijana wa watu akaona jiwe limeharibu mstari. Akalisukuma kwa buti likaingia mahali pake, akalipaka. Nadhani alilipaka mara mbili, maana chokaa ilishika vizuri sana.

Asubuhi yake binti yangu hakumkuta chini ya boga. Tulitafuta kila mahali, hadi ndani ya pipa. Alikataa uji. Akakataa sweta. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ananiangalia kama ninajua kitu kuhusu baba yake na ninamficha. Na hapo hapo tukaitwa tusimame milangoni, mama na watoto, watoto wamepakwa mafuta, mkaguzi anakuja.

Alikuja, ofisa mkubwa, viatu kama kioo, sajenti wetu nyuma yake na kifimbo kwapani. Walikagua paa. Walikagua mitaro. Walipofika mbele ya mlango wangu yule ofisa akasimama. Mawe yalikuwa yamenyooka kama mstari wa rula, isipokuwa moja lililokuwa limetokeza kidogo. Tulipokuwa tukiliangalia, likatokeza zaidi.

"Sajenti," akasema ofisa, "hili jiwe linaenda wapi?"

Ni swali ambalo halijafundishwa chuo chochote cha kijeshi. Jiwe likapiga hatua nyingine, taratibu, likielekea kwenye maboga. Mtu akacheka dirishani, nafikiri alikuwa jirani yangu. Binti yangu hakucheka. Alichomoka mkononi mwangu, akapita mbele ya ofisa, akamwokota kobe wake.

"Mlinzi wangu!" alipiga kelele. "Wamempaka! Wamempaka mpaka macho!"

Na ni kweli. Kope zilikuwa zimegandana. Mdomo ulikuwa mweupe. Nilisubiri mtu mzima aseme pole. Sikutaka zaidi ya hapo, neno moja la herufi nne, na ningelinyamazia jambo lote. Badala yake ofisa alimgeukia sajenti, na sajenti akanigeukia mimi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni kobe, afande. Mmempaka chokaa."

"Ubao unasema nini?"

Damu ilinipanda. Walimpaka kiumbe hai chokaa, na kosa likawa la kiumbe kwa kuwa hai. Kama angekufa pale kwenye mstari, mweupe na mnyoofu, tungepita ukaguzi.

Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha fulana kuukuu, jirani yangu akimshika, binti yangu akimwambia asiogope. Jicho moja lilifunguka siku hiyo hiyo. La pili lilichelewa, na lilipofunguka lilikuwa na ukungu. Amri ikaja kabla hata hatujamkausha: kobe aondolewe kabla wiki haijaisha, au sisi tuondoke kwenye nyumba.

Nilikwenda ofisini. Nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikajifunga leso ya heshima juu yake, nikakaa kwenye benchi mpaka nikaitwa. Sajenti hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti.

"Kobe ni reptilia, ama si reptilia?" akaniuliza.

"Ni reptilia."

"Basi mama, si umejijibu?"

"Afande, huyu kobe amemuuma nani?"

"Hakuna."

"Amevunja nini?"

"Mama, mimi sikuandika hiyo kitu. Mimi nafuata tu."

"Na hao nyoka wa kwa nyasi, wao wanafuata nani?"

Akaangalia karatasi zake. Nikamweleza habari ya mtoto na baba yake na lindo. Nilimweleza yote, na sauti ikanikatika, jambo ambalo nilikuwa nimeapa halitatokea. Alinisikiliza. Alikuwa na watoto na yeye. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba ofisa ameshaona, na kitu ambacho ofisa ameshaona hakiwezi kurudi kuwa hakijaonekana.

Laiti wangeniambia kobe ni mnyama wa porini na serikali hutaka kibali kumfuga. Ningeinamisha kichwa, maana ni kweli, nilikuja kujua baadaye. Hakuna aliyelitaja. Hawakuwa wanamtetea kobe. Walikuwa wanautetea mstari wa mawe.

Mume wangu alipopatikana kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi, nilimwambia. Akasema, "Mtoe tu. Nisikuje kupata mmetolewa kwa nyumba."

"Na mtoto?"

"Mwambie ilikuwa mchezo."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyesema."

Nilisikia upepo wa huko aliko. Kisha simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni mtandao ama ni yeye.

Kwa hiyo Jumamosi tulimpeleka alikotoka. Kutoka Bungoma mjini tulipanda pikipiki, binti yangu katikati, kobe kwenye kikapu mapajani mwake. Mama mkwe alitupokea langoni.

"Kalibuni," alisema, akachungulia kikapuni. "Huyu si ni yule wetu? Macho imekuwaje?"

"Ni jeshi, mama," nikasema.

"Jeshi?" Alimwangalia kobe kwa muda. "Sasa walikuwa wanapigana na huyu?"

Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kesi ile, na lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kambini. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nyanya akamshika mjukuu mkono wakaenda hadi kwenye nepia, mimi nikifuata. "Mweke hapa, kukhu," akamwambia, maana kwao nyanya na mjukuu huitana neno hilo hilo. "Hapa ako kwao. Hakuna mtu wa kumsumbua."

Binti yangu alimweka chini. Alimpigia saluti. Kobe alikaa, akatoa kichwa, akaingia kwenye nyasi na jicho lake moja zima bila kugeuka, kama kobe anavyotakiwa kufanya. Nilingoja mtoto aniulize habari ya baba yake. Nilikuwa nimeandaa jibu tangu Kitale, nimelipanga na kulipiga pasi. Hakuuliza. Tangu siku hiyo hakumtaja baba tena. Asubuhi alikunywa uji akavaa sweta mwenyewe, na walimu wakanisifu kwamba mtoto amekomaa. Nilitamani kuwapiga.

Mume wangu alirudi. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, hata siku ambazo sina shukrani na mtu mwingine yeyote. Aliingia mlangoni amekonda, vumbi kwenye nyusi, na nikamkumbatia mpaka mkanda wake ukaniumiza. Binti yetu alisimama kando ya meza. Alimpa mkono, kama anavyowasalimu wageni wa kanisa.

Baba alichuchumaa mbele yake. Akafungua zipu ya koti, na hapo ndani mtoto wa mbwa akatoa kichwa, wa kahawia, masikio makubwa kuliko yeye.

"Huyu ni wako," akasema. "Nimeuliza ofisini kabla ya kumchukua. Mbwa ameruhusiwa. Hakuna mtu atamtoa."

Mtoto wa mbwa alianza kulamba kifungo cha shati la mume wangu. Binti yangu alimwangalia, na niliona mkono wake ukiinuka kidogo, vidole vikifunguka. Kisha akaupeleka nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine.

"Baba, mpeleke kwa kukhu," akasema. "Mpeleke leo, kabla sijampenda."

Akavuta kiti, akarudi kwenye kazi yake ya shule.