Vizibo Vitatu kwa Siku

Nilisikia kwamba mtoto anayeuliza sana huishiwa akili.

Ile habari ilinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Wiki nzima haipandi, haishuki.

Aliyeniambia ni mshonaji wetu, mdomo umejaa pini. Alisema kuna mtoto mtaa wa pili, aliuliza, akauliza, mpaka siku moja akili ikagoma. Sasa ukimwita jina lake haitiki.

Nikataka kujua ni mtoto wa nani. Akasema hamjui, ila aliyemwambia ni mtu mzima na heshima zake.

Mimi niliishia darasa la saba. Jambo likisemwa na mtu mzima, naamini. Tena nina mtoto mmoja tu.

Huyo mmoja ana miaka minane, na mtaani wanamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzima. Anataka kujua mende akilala chali anaona nini. Kwa nini maziwa yakichemka yanapanda na kumwagika, maji hayapandi. Siku ileile ya mshonaji nilimhesabia maswali arobaini na moja kabla ya chakula cha mchana.

Niliona akili ya mwanangu inavuja hivihivi, kama ndoo iliyotoboka.

Basi nikatafuta dawa. Nikaokota vizibo vya soda, nikaviosha, kila asubuhi nikawa nampa vitatu. Swali moja, kizibo kimoja. Vikiisha, mdomo upumzike mpaka kesho.

Na kwa kuwa mtoto hufuata anachokiona, sheria ikawa ya nyumba nzima.

Mume wangu ni kinyozi. Mchana kutwa anauliza watu wanyolewe vipi, akifika nyumbani mdomo bado una mwendo. Siku ya kwanza alimaliza vizibo vyake kabla ya chai: shati liko wapi, soksi ya pili iko wapi, na hivi vizibo ni vya nini.

Siku tatu alikula bila chumvi. Nilikuwa nimeihamisha, na kila chakula kinamkuta hana kizibo cha kuulizia.

"Mama Redio," akaniambia, "hapa nyumbani siku hizi ni kama dirisha la ofisi. Bila tiketi husikilizwi."

Nikamjibu bora ofisi kuliko wazimu.

Na dawa ilifanya kazi. Redio akanyamaza. Utamkuta anavigeuzageuza vizibo mkononi, anapima kama swali lake linastahili. Nyumba ikapoa, nikajisifu kwa mshonaji.

Ila aliacha pia kuinama kuangalia sisimizi. Hilo nililiona, nikalipuuza.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani nafua. Vizibo vya Redio vilishaisha tangu asubuhi. Akatoka jikoni, akasimama mbele yangu, akafungua mdomo, akaufunga. Akanyoosha kidole kuelekea jikoni.

Nikamwambia kunyoosha kidole nako ni kuuliza.

Akatimua mbio. Nikajua ameenda kucheza.

Kumbe ameenda dukani kuomba kizibo. Mwenye duka alinieleza baadaye: alimwambia vizibo havitoki bila soda, mtoto akasimama pale kama askari mpaka akatokea mteja wa kununua soda.

Akarudi anahema. Akaniwekea kizibo kwenye kiganja, kwa adabu zote.

"Mama, ukuta nao huvuta sigara?"

Nguo niliziacha hapohapo.

Nyuma ya friji kulikuwa na moshi. Ule waya wa soketi nne, niliochomekea friji, pasi na birika kwa pamoja, umeyeyuka kama mshumaa. Pazia limeshaanza kushika moto.

Nikapiga kelele, nikanyanyua ndoo ya maji. Jirani yetu, fundi umeme, akaingia na kunidaka mkono. "Dada, maji hapana." Akazima swichi kubwa, akavuta pazia chini, akalikanyaga.

Tulipotulia nikamuuliza mwanangu kwa nini hakusema tu kuna moshi.

"Sikujua kama ni moshi, mama. Ulikuwa wa bluu. Ndiyo nilitaka kuuliza."

Nikakaa chini palepale.

Fundi akawa anaupasua ule waya, Redio amechuchumaa pembeni, mikono nyuma. Akauliza kwa nini plastiki imeyeyuka na shaba haikuyeyuka. Akajibiwa. Akauliza lingine, na lingine. Mimi nikajikaza nikamuuliza fundi kama ni kweli maswali humaliza akili.

Akaninyooshea mikono yake miwili.

"Kazi hii nina miaka kumi na nane, dada. Vidole vyote kumi viko hapa kwa sababu huwa nauliza kabla ya kushika."

Mama wenzangu, shikeni haya:

Usiamini habari ya mtoto ambaye hakuna anayeijua nyumba yao.

Usimpimie mtoto maswali. Umechoka? Mwambie umechoka, umjibu baadaye.

Usimdanganye ili anyamaze. Kama hujui, sema hujui, mkamuulize anayejua.

Usimruhusu achunguze umeme kwa mkono. Kwa macho na mdomo inatosha.

Usiumwagie moto wa umeme maji.

Usichomeke friji, pasi na birika kwenye waya mmoja.