Bado Vifungo Vitano

Saa tatu kasorobo asubuhi, mfumaji wa masweta anasimamisha mashine yake katikati ya mstari. Simu imetoa mlio mfupi, dalili kwamba mteja ameandika. Haishiki kwanza. Anapapasa ukutani, anashusha kipande cha kitambaa kilichotundikwa kwenye msumari, anakitandaza pajani na kupitisha vidole juu ya vifungo vya nguo vilivyoshonewa hapo.

"Kikubwa, kulia, chini kidogo," anajiambia.

Ndipo anachukua simu na kugusa mahali palepale juu ya kioo. Sauti ya simu inatamka neno moja tu: "Kitufe."

Mwandishi wa makala haya ananyoosha mkono kumsaidia. Fundi anausukuma taratibu.

"Ngoja, ndugu mwandishi. Wewe saa sita utaondoka. Mimi nitabaki na simu yangu."

Anabonyeza mara mbili. Mteja anauliza bei ya skafu. Fundi anamjibu kwa kuisemesha simu, kisha anarudi kwenye mashine. Si ujumbe anaoungoja. Wiki hii anangoja mmoja, wa mwalimu mkuu, na mkewe anasema tangu Jumatatu hata kula anakula na simu kifuani.

Fundi huyu ana miaka arobaini na saba na hajaona tangu alipougua surua akiwa na miaka tisa. Mtaani wanamwita Fundi Hesabu. Kufuma kwa mashine ni kuhesabu mistari, na yeye hesabu zake hazina mchezo. Chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la madaftari, kina mashine ya kufumia, cherehani ya mkewe na rafu ya uzi: bluu juu, kijani katikati, maruni chini. Ole wake atakayechanganya.

Zamani wateja walikuwa wakiandika, na shemeji yake ndiye aliyemsomea.

"Shemeji ni mtu mwema, lakini alikuwa ananisomea anayoyapenda yeye," anasema. "Mteja akinisifu, anasoma mara mbili. Akilalamika, anaruka. Oda ya chekechea moja ilikaa wiki tatu, alisahau tu kunitajia."

Miaka minne iliyopita alipata simu inayosoma kwa sauti. Kidole kikigusa kitu, simu inakitaja. Akafungua ukurasa kwenye mtandao wa kijamii, mkewe akawa anapiga picha za masweta, na yeye akawa anasoma na kujibu.

"Siku niliyosoma ujumbe wa kwanza mwenyewe, nilitoka nje nikasimama barabarani. Sikuwa na pa kwenda. Nilijisikia mtu mzima tu."

Kisha Jumanne moja, bila hodi, mtandao ule ukabadilisha sura.

Watumiaji walichachamaa. Huyu alichukia rangi, yule alitaka herufi za zamani, mwingine aliapa kuhama, na kiapo chake alikirudia mara tatu kwa siku, kwenye mtandao uleule. Wateja walimuuliza fundi kama ameona rangi mpya ilivyo mbaya.

"Nikawaambia sijaiona, na kwa maelezo yao sijapoteza kitu."

Mkewe anaangua kicheko. Fundi hacheki.

"Baada ya wiki mbili wenye macho wakazoea. Hata yule wa kuhama bado yupo. Mimi nizoee nini? Nikigusa hapa, kitufe. Nikisogea, kitufe. Vitufe tisa, hakuna chenye jina."

Waliotengeneza sura mpya waliweka vipicha mahali pa maneno, na hawakukumbuka kuandika majina ambayo sauti ya simu ingeyasoma. Kwa mwenye macho, kipicha kinajieleza. Kwa fundi ilikuwa sawa na kubadilishiwa milango ya nyumba akiwa ndani.

Akaendelea kwa mazoea. Zamani kitufe cha tano kilikuwa cha ujumbe, basi akahesabu mpaka tano, akabonyeza, hakusikia kitu. Akaiweka simu mezani, akaendelea kufuma huku akipiga soga na mkewe. Hakujua kwamba cha tano sasa kilikuwa cha kurusha matangazo ya moja kwa moja.

Soga yenyewe ilimhusu mwalimu mkuu wa shule moja, mteja wake mkubwa, aliyekuwa ameagiza masweta tisini ya maruni ya wanafunzi na moja lake mwenyewe.

"Nilisema sweta la mwalimu kila muhula linadai uzi zaidi pale mbele," anakiri, akikuna kidevu. "Nikaongeza kwamba tumbo lile lingesajiliwa darasani, likawa mwanafunzi wa tisini na moja."

Dakika ishirini baadaye jirani aliingia mbio bila kuvua viatu. "Fundi, zima! Mko hewani!"

Watu thelathini na sita walikuwa wanatazama. Mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema mkewe.

Kesho yake walikwenda shuleni kuomba radhi. Mwalimu mkuu, mama wa sauti nzito, analikumbuka vizuri jambo hilo.

"Tumbo ni langu, nalijua," aliniambia kwa simu. "Kilichoniuma ni kwamba nilimwandikia mara tatu kuuliza saizi za darasa la kwanza. Kimya. Halafu namsikia anapiga porojo. Nikasema, kumbe anatudharau."

Nusu ya oda alikuwa ameshampa fundi mwingine. "Nina watoto wa kuvalisha. Lakini nilimwambia, mwisho wa muhula nitakuandikia tena. Ukinijibu mwenyewe, masweta yote tisini ya muhula ujao ni yako."

Fundi alirudi nyumbani na hasira. Shemeji akaja na huruma zake: basi alete simu, amsomee kama zamani.

"Nikamwambia, karibu shemeji, chai ipo. Simu hapana."

Siku mbili zilizofuata alifuma kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa simu. Alibonyeza vitufe kimoja baada ya kingine, mkewe akamwambia kila kimoja kinafanya nini, mara moja tu, kisha akashonea kifungo mahali pake. Kikubwa cha shati ni cha ujumbe. Kidogo ni cha picha. Kile kizito cha koti ni cha matangazo, na hicho hakiguswi.

Mtandao hubadilisha mpangilio unapojisikia. "Nimeshafumua na kushona upya mara nne," anasema mkewe bila kuinua macho kwenye cherehani. "Wao wakihamisha, na mimi nahamisha. Uzi ninao."

Kila Jumatatu fundi aliiandikia kampuni. Mara kumi alijibiwa sentensi ileile ya kushukuru kwa maoni yake. Mara ya kumi na moja hakuandika. Alirekodi simu yake ikisema "kitufe, kitufe, kitufe" kwa dakika nzima, akaiweka kwenye ukurasa wake. Wengi walicheka. Kisha wasioona wenzake wakaanza kujitokeza: hata sisi.

Mwezi uliofuata vitufe vinne vilipewa majina. Siku hiyohiyo mkewe alikata vifungo vinne kutoka kwenye kitambaa na kuvirudisha kwenye mashati.

"Bado vitano," anasema fundi. "Sasa tuko mia mbili na kumi na wawili, na kila Jumatatu tunaandika wote. Hatuchoki. Nataka kitambaa hiki kibaki kitupu nikifutie mashine."

Saa sita inakaribia. Simu inalia. Cherehani inanyamaza. Fundi anakitandaza kitambaa, anakipata kifungo kikubwa, anagusa kioo.

"Kitufe."

Anabonyeza mara mbili. Sauti inasoma: "Mwalimu mkuu. Fundi, ni tisini. Utayamaliza kabla shule hazijafunguliwa? Na langu usilibane."

Anaisogeza simu mdomoni na kutamka polepole: "Nitayamaliza, mwalimu. Nimekusoma mwenyewe."

Anatuma. Anaizima simu kabisa, anaifunika kwa kitambaa chake, anaikalia. Hapo ndipo anapocheka, mpaka machozi.

"Mama watoto," anasema, "toa uzi wa maruni. Mwingi. Hasa wa pale mbele."